Asubuhi Klabu Iliposoma Mita

Mama Pindo hakujiunga na klabu ya mbio kwa kupenda. Mashine ya kupimia presha ndiyo iliyompeleka. Muuguzi wa zahanati alimfunga ule mkanda mkononi mara tatu, kila mara akitazama namba kwa jicho la pembeni, kisha akauliza, "Mama, unafanya kazi gani?"

"Nashona. Napunguza suruali, nakunja mapindo. Ndiyo maana wananiita Mama Pindo."

"Kwa hiyo unakaa kutwa."

"Cherehani haishonewi kwa kusimama, mwanangu."

"Basi Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi njoo kwenye lango la shule ya msingi. Tuna klabu ya mbio. Mimi nitakuwepo."

Alidhani ni utani. Mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mwenye magoti yanayolia kama bawaba kavu, akimbie na nani? Lakini muuguzi yule, ambaye klabuni wanamwita Sindano kwa wembamba wake na kwa kazi yake, alimpigia simu Ijumaa jioni kumkumbusha. Mtu mwenye wagonjwa sitini kwa siku akikukumbuka wewe, unaona haya kutokwenda.

Hiyo ilikuwa miezi saba iliyopita. Faida zake alizijua bila kuambiwa. Alilala usingizi wa mtoto mchanga. Aliinuka kwenye cherehani bila kushika meza. Presha ilishuka ngazi moja moja, kama mtu anayeogopa kuanguka. Na watu ambao zamani aliwajua kwa viuno na urefu wa miguu tu, sasa aliwajua kwa pumzi zao. Alijua nani anahema kwa pua na nani anaimba kimoyomoyo akipanda kilima.

Hasara nazo zilikuwepo. Kucha ya kidole gumba cha mguu iligeuka nyeusi, ikakaa wiki mbili, ikang'oka. Wateja wa Jumamosi walikuta mlango umefungwa wakaenda kwa fundi mwingine. Jirani yake wa ukuta mmoja kila akimwona na raba alimwuliza anamkimbia nani, na kama ameshamfikia.

Hasara kubwa kuliko zote ilikuwa imeketi nyumbani kwenye kiti cha mkono, imevaa shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Ni mumewe.

Mzee huyo alisoma mita za maji kwa miaka thelathini na minne. Idara ya maji ilimpa mitaa kumi na minne, naye aliizunguka kwa miguu, lango kwa lango, na kitabu chake kwapani. Watu walimwita Mzee Mita hata mbele ya wakubwa zake. Alistaafu na afya yake. Kisha, miaka miwili iliyopita, kumbukumbu zikaanza kumtoka. Kwanza yalipotea majina ya wajukuu. Ikafuata habari ya kama amekula au hajala. Sasa ilikuwa wiki ya tatu hajamwita mkewe kwa jina lolote. Alisema "wewe mama," kama mtu anavyomwita mwenye duka asiyemfahamu.

Jumamosi moja, Mama Pindo akiwa mbioni, mzee aliwasha jiko, akateleka sufuria tupu, akatoka kwenda kusimama barabarani. Jirani mwenye maneno ndiye aliyenusa moshi, akaruka ukuta, akazima jiko, akamshika mzee mkono na kumrudisha ndani. Jirani huyo aliungua vidole viwili, na hata siku moja hakuitangaza habari hiyo kwa watu. Ila alimwambia binti yao, kwa kuwa ilimpasa.

Binti yao anaendesha basi la shule. Alikuja jioni hiyo hiyo, akiwa bado na filimbi ya kuwavusha watoto shingoni.

"Mama, sikuja kugombana."

"Keti kwanza."

"Sikai. Ama uache hizo mbio ukae na Baba kila saa, ama Baba anakuja kwangu. Ghorofa ya nne. Nikitoka nafunga mlango, na ufunguo natembea nao."

"Baba yako ametembea maisha yake yote, leo umfungie kabatini kama vyombo vya wageni?"

"Na wewe unayemwacha na moto jikoni, nawe nikwambie nini?"

Neno hilo lilikuwa kweli tupu.

"Nitaacha," akasema.

"Kikitokea kitu kingine, hata kidogo, namchukua siku hiyo hiyo. Sitauliza mtu."

Basi Jumamosi iliyofuata Mama Pindo aliamka alfajiri kwenda kuaga. Angeweza kuaga kwa simu, lakini watu waliokusubiri ukipanda kilima kwa miezi saba huwaagi kwa simu. Na kwa kuwa mzee hakuweza kuachwa, alimvisha viatu vyake vya ngozi, akamshika mkono, wakaenda wote. Binti alikuwa amesema atapita saa tatu na kufuli jipya la lango. Saa tatu ilikuwa mbali.

Ukungu ulikuwa mzito asubuhi hiyo. Langoni mwa shule watu ishirini na wawili walikuwa wakinyoosha miguu, wanatokea na kupotea kama nguo kwenye kamba. Kiongozi wa klabu ni muuza nyama, mtu wa mwili kama jokofu, jina lake Bucha. Bucha ndiye mkia. Hukimbia nyuma ya yule wa mwisho kabisa, hata awe anatambaa, na tangu klabu ianze hajawahi kumpita mtu. Sindano ndiye kichwa. Kichwa huvaa kizibao cha njano kinachong'aa, ili madereva wamwone na wenzake wamfuate. Kanuni yao ilikuwa moja tu: fuata njano, usiulize njia, usimpite kichwa.

"Shikamoo, Mama Pindo. Leo umekuja na mzee?"

"Marahaba. Nimekuja kuaga, Bucha."

Akawaeleza. Bucha aliitazama mikono yake mikubwa, akasema, "Basi kimbia nasi hii ya mwisho. Mzunguko mfupi tu, kilomita tatu. Mzee atakaa hapa na mabegi, mlinzi wa shule yupo."

Mzee aliketi kwenye benchi la mlinzi, amejikunyata. Sindano alimwona anatetemeka. Alivua kizibao chake cha njano, akamvisha, akamfunga vizuri kifuani kama anavyofunga watoto wa zahanati. "Nitakuja kukichukua tukianza," akasema, akakimbilia chooni mara moja.

Kosa lilikuwa hilo tu, na lilitokana na wema.

Mlinzi aligeuka kupokea maziwa ya mwalimu mkuu. Mzee alisimama. Labda ilikuwa baridi, labda ilikuwa sauti ya viatu vingi asubuhi, Mama Pindo hakujua hata baadaye. Mzee aliondoka. Naye hakuwa akitembea kwa kujikokota kama nyumbani. Aliondoka kwa zile hatua ndefu za mtu aliyechelewa kazini. Ndani ya ukungu wale wa mbele waliona njano inasogea, wakaanza kukimbia. Wa katikati wakawafuata wa mbele. Mama Pindo na Bucha, benchi la mlinzi likiwa limemezwa na ukungu, wakafuata wote.

"Leo Sindano anakwenda polepole," Mama Pindo alisema.

"Anakuaga," Bucha akajibu.

Walipofika kwa fundi viatu, njano ilikata kushoto, kwenye kichochoro ambacho klabu haijawahi kupita. Hakuna aliyeuliza. Ikapita kwenye lango la kijani, ikaingia ndani ya nyumba ya watu. Na wao, watu ishirini na wawili wazima wenye akili zao, wakaingia.

Mama Pindo alipofika uani alimkuta mumewe amepiga goti moja kando ya bomba. Alikuwa ameinua mfuniko wa chuma, anafuta kioo cha mita kwa kidole gumba, mara mbili kulia, mara moja kushoto. Mwanamke mmoja alitoka jikoni na mswaki mdomoni.

"Mita, mama," mzee alisema.

Mwanamke aliutoa mswaki. Alimtazama mzee, akawatazama wale wote waliolowa jasho nyuma yake. "Siku hizi mnakuja wote?"

Hapo ndipo walipotambua. Sindano alifika akihema, mikono kiunoni, amekimbia peke yake kuwatafuta. Mama Pindo aliona ghorofa ya nne, aliona mlango, aliona ufunguo. Alipiga hatua kwenda kumshika mumewe mkono.

"Sifuri, mbili, nne, saba, moja," mzee akasoma. Sauti yake ilikuwa imenyooka. Haikuwa sauti ya kwenye kiti cha mkono. Aligeuka nyuma, akamwona Sindano yuko karibu zaidi. "Andika."

Sindano hutembea na kalamu hata mbioni, mazoea ya kazi. Aliichomoa, na kwa kukosa karatasi akaandika kwenye mkono wake: 02471.

"Na lango lifungeni," mzee alisema. "Wana kuku."

Kuku walikuwepo. Wa mwisho akafunga lango.

"Tumrudishe?" Bucha alinong'ona.

Mama Pindo alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mtu aliyesahau jana kama amekunywa chai alikuwa amesoma namba tano bila kusita, akafunika mfuniko, akafuta goti, na sasa anatoka kama mwenye mitaa yake. Ilikuwa kama kuona taa inawaka kwenye nyumba uliyodhani haina watu tena.

"Mwache amalize," akasema. Alijua anachohatarisha. Alisema hivyo hivyo.

Wakamfuata. Watu wawili tu walitazama saa zao, wakageuza njia wakaenda zao, na klabuni hawakurudi tena. Walisema walijiunga kukimbia, hawakujiunga kusoma mita. Hawakukosea. Lakini ishirini walibaki, na hakuna aliyempita.

Katika nyumba ya pili mita ilikuwa nyuma ya tangi. Katika ya tatu ilifunikwa na makopo ya maua, naye aliyasogeza moja moja na kuyarudisha kila moja mahali pake. Kwenye lango la nne alisimama, akainua mkono.

"Piteni kushoto. Mnyororo wake haufiki."

Mwenye nyumba, mzee wa fimbo, alikuwa mlangoni. Alimwambia Mama Pindo kwa sauti ya chini kwamba mbwa yule alikufa miaka sita iliyopita. Lakini ardhini palikuwa bado na alama ya nusu duara, mahali mnyororo ulipokwangua miaka na miaka. Mama Pindo aligeuka kuwatazama wenzake. Walikuwa wakipita kushoto, mmoja mmoja, wamebana mgongo ukutani, na Bucha wa mwisho amevuta tumbo ndani ili asiguse alama. Jambo hilo hakulisahau.

"Huyu," mzee wa fimbo alisema, akimwonyesha Mzee Mita, "mwaka nilipolazwa aliona mita yangu inakwenda na nyumba imefungwa. Akarudi siku yake ya mapumziko na sururu yake mwenyewe. Alichimba kutwa nzima akakuta bomba limepasuka chini ya msingi. Niliporudi nikampa chai, akasema amekunywa."

Mama Pindo alikuwa hajui. Miaka yote ile alidhani siku za mapumziko mumewe alikwenda kukaa na wenzake. Ndiyo maana alirudi na matope, naye akamgombeza kwa ajili ya suruali.

Ikawa hivyo mtaa hadi mtaa. Jua lilipanda, ukungu ukatawanyika, na kila lango lilikuwa na habari yake. Hapa alimwamsha mama aliyekuwa amezimia karibu na bomba. Pale alimfundisha msichana wa nyumba kusoma namba, akitumia mita kama ubao. Msichana yule sasa ana duka lake, na alitoka nje na kitambaa kichwani, akamshika mzee mikono yote miwili. Mzee alimwambia tu, "Mita, mama," akapita. Walikuwa wakitembea, wakikimbia kidogo kati ya lango na lango ili wamfikie, kisha kutembea tena. Mikono ya Sindano ilijaa namba mpaka kwenye viwiko. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamenyamaza kama watu walioingia mahali ambapo mtu hapigi kelele, ingawa zilikuwa nyua tu, na ndoo, na nguo zilizoanikwa.

Kisha wakafika kwenye ukuta.

Ulikuwa ukuta mrefu wa ghala, mpya, umepakwa rangi nyeupe. Zamani palikuwa na nyumba tisa pale. Mzee aliuendea, akaweka kiganja juu yake. Akasogea hatua mbili, akaweka tena. Aligeuka, na Mama Pindo akaona macho yale ya kwenye kiti yanarudi.

"Zilikuwa hapa," mzee akasema. "Tisa. Zilikuwa hapa hapa."

Mikono ilianza kumtetemeka, kisha kidevu. Watu ishirini walisimama nyuma yake. Hakuna aliyesogea, kwa kuwa kichwa hakipitwi, na kwa kuwa hakuna aliyejua la kufanya. Mama Pindo alikuwa karibu na mwisho, kama kawaida yake. Aliwapita wote. Alimpita muuza mitumba, akampita fundi redio, akampita Sindano, akasimama mbele ya mumewe. Alijua akimwambia nyumba zimebomolewa, hiyo itakuwa habari ya msiba. Akijaribu kumvuta nyumbani, atalia. Lakini alikuwa ameishi na kazi ile miaka thelathini na minne, akisikia maneno yake kila jioni juu ya meza.

"Hizi zimekatwa maji," akasema.

Mzee alimtazama. "Zote tisa?"

"Zote tisa. Ofisi imeandika."

Alifikiri. Mikono ilitulia kidogo kidogo, kama maji ya ndoo iliyowekwa chini. "Basi hazisomwi."

"Hazisomwi."

"Andika," akamwambia Sindano, "zimekatwa." Na Sindano, ambaye mikono yake haikuwa na nafasi tena, aliandika neno hilo kwenye kiganja.

"Umebakiza ngapi?" Mama Pindo akauliza.

"Moja. Ile huwa ya mwisho siku zote."

Ilikuwa nyumba yao.

Saa tatu ilikuwa imepita. Binti alikuwa langoni, simu sikioni, uso umempauka. Begi la nguo za baba yake lilikuwa limeshafungwa, limewekwa karibu na gari. Aliwaona wanakuja, baba yake mbele na kizibao cha njano, mama yake nyuma yake, na umati wa watu wenye kaptura. Alifungua mdomo.

"Habari ya asubuhi, mama," baba yake alimwambia. "Mita."

Akampita, akaingia uani, akapiga goti. Ilimchukua muda kushuka. Viungo vilikuwa vimechoka. Alifuta kioo kwa kidole gumba. Akasoma namba tano. Akafunika mfuniko, akaupapasa kwa kiganja kama mtu anayemlaza mtoto, kisha akaketi pale pale chini, mgongo ukutani, akanyoosha miguu.

"Nimemaliza kazi," akasema.

Binti alibaki na simu mkononi. Kwa miaka miwili hakuwa amemsikia baba yake akimaliza jambo lolote, hata sentensi.

Wanaklabu waliondoka taratibu, kila mmoja akimpa mzee mkono. Bucha alitaka kujieleza kwa binti, alianza mara tatu, mwisho akasema tu, "Kosa ni letu sote," akaenda. Jirani wa ukuta mmoja alichungulia, safari hii akakosa la kusema.

Walipomkalisha kitini na kumvua viatu ndipo walipoona. Soksi zilikuwa zimegandamana na ngozi. Malengelenge manne, mawili yamepasuka. Binti alileta beseni la maji ya vuguvugu, akaketi kwenye kigoda, akaweka mguu wa baba yake mapajani. Mzee alikuwa ameshasinzia kitini.

"Kilomita ngapi?"

"Wanasema nane na ushee," Mama Pindo alisema.

"Kwa viatu vya ngozi."

"Ndiyo."

Binti aliosha kidole kimoja, akahamia cha pili. "Nilikuwa nimeshakata shauri, Mama."

"Nimeliona begi."

"Ungenipigia simu hata mara moja. Nilidhani amekufa."

"Nisamehe. Sikuikumbuka simu. Nilikuwa nikimwangalia."

Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya vumbi. Binti aliyamwaga, akaleta mengine, akaanza upya.

"Nane ni nyingi," akasema mwishowe. "Nne, basi. Jumamosi moja kwa mwezi, na viatu vya mbio. Hizo nyingine nakuja kukaa naye, wewe ukimbie na watu wako. Ile ya mita, mimi nitakuwa nyuma yake hatua mbili. Nikisema basi ni basi, hata awe katikati ya namba."

"Wewe? Wewe unayepanda lifti kwenda kulala?"

"Jengo letu halina lifti, Mama. Hujawahi kuja."

Mama Pindo aliinamisha macho. Neno hilo lilikuwa kweli, nalo lilimchoma mahali pake. "Nitakuja," akasema. "Wiki hii hii. Ngazi sasa naziweza."

Mzee alifumbua macho. Alimtazama mwanamke yule mwenye filimbi shingoni aliyeshika mguu wake, akanyoosha ukosi wa shati, akamwuliza, kwa adabu ile ya kwenye malango ya watu, kama maji yanatoka vizuri hapo nyumbani.

"Yanatoka vizuri, Baba," binti akasema, akaendelea kumwosha.